Bati la Kusikilizia

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, shuka haliingii kwenye mashine kabla halijapita kwenye bati. Ni bati la kawaida la kuezekea, limenyooshwa kwa nyundo na kulazwa juu ya meza ya zege. Dobi hulishika shuka kwa ncha mbili, akalikung'uta mara tatu juu yake, akatega sikio. Kukiwa kimya, shuka linaenda kufuliwa. Kikilia kitu, hata kidogo, wote wanasimama, maana hiyo ni sindano iliyosahauliwa kitandani, na sindano ya namna hiyo ikikuchoma hujui imekupa nini mpaka miezi ipite. Hakuna kitabu kinachofundisha jambo hilo. Madobi walilibuni wenyewe.

Aliyekuwa akisikia mapema kuliko wote walimwita Sikio. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ilikuwa imeishia kwenye mvuke ule. Wenzake walisema huyu hata mbu akitua anamsikia. Sasa mwanamke mwenye sikio kama hilo ndiye aliyekuja kulishwa maneno ambayo hakuyasema. Ukitaka kucheka, cheka. Yeye siku ile hakucheka.

Jumanne saa nne asubuhi aliitwa ofisini kwa katibu wa hospitali. Alikwenda na aproni yake mbichi na mabuti ya mpira. Katibu, mtu nadhifu wa kunyoosha kalamu zake mezani, alimtazama, akatandika gazeti kwenye kiti kabla ya kumwambia aketi. Karibu na dirisha alikuwa amekaa Msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamke mnene, mpole, ambaye Sikio alikula naye chakula cha mchana kwenye meza moja kwa miaka sita.

"Chuo kimetuletea ripoti," katibu alisema. "Wamechagua tatu bora za mwaka huu, wametutumia na barua ya shukrani. Hii inahusu chumba chenu. Mwandishi ni binti yako, siyo?"

"Ni binti yangu." Sikio alijaribu kutotabasamu, akashindwa.

"Basi sikiliza ukurasa wa thelathini na moja." Katibu akasoma taratibu, kama anayesomea mtoto imla. "'Hatupewi glovu. Msimamizi wetu anajua tunashika damu kwa mikono mitupu, lakini hajali, kwa sababu mikono si yake.' Halafu imeandikwa aliyesema ni nani. Dobi, mwanamke, miaka arobaini na saba, miaka kumi na tisa kazini." Akavua miwani. "Wa umri huo na miaka hiyo tunaye mmoja tu. Uliyasema maneno haya?"

Sikio alimtazama Msimamizi, na Msimamizi alikuwa akimtazama yeye. Uso wake haukuwa na hasira bado. Alikuwa anangoja tu mwenzake aseme si kweli, wamalize, warudi kazini.

Jibu la kweli lilikuwa fupi, lilishafika ulimini. Lakini nyuma yake Sikio aliona yatakayofuata. Akisema sikusema, basi mwanangu ameandika uongo, na chuo kinafukuza waongo. Miaka mitatu ya ada, baba yake yuko nyumbani na bega bovu, na mtoto amebakiza miezi miwili avae joho. Mzazi hupiga hesabu kama hiyo haraka kuliko mashine yoyote, na mara nyingi huikosea.

"Nilisema," akasema.

"Wewe?" Msimamizi aliuliza.

"Nilikuwa na hasira siku hiyo."

"Hasira ya nini?"

Sikio aliangalia gazeti lililochomoza chini ya paja lake. Lilikuwa limeshalowa. Katibu alimwambia asimame kazi mpaka kikao cha Ijumaa ya wiki inayofuata, na aache vifaa vya hospitali pale pale. Akavua aproni. Akavua mabuti. Ndala zake zilikuwa chumba cha kufulia, kwa hiyo ilimbidi apite korido yote pekupeku kuzifuata, mbele ya wauguzi na wagonjwa, na madobi wenzake wakanyamaza alipoingia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Habari zilishamtangulia.

*

Binti alirudi nyumbani alasiri na alama yake mkononi. Madobi walimtania kwa kumwita Profesa tangu aanze chuo, kozi ya afya ya jamii, na siku ile kwa mara ya kwanza alihisi jina linamkaa. Themanini na nne. Baba yake, mpaka rangi aliyeanguka ngazini miezi minne nyuma, alimpokea mlangoni kwa mkono wake mzima.

"Themanini na nne kwa mia?" baba aliuliza.

"Kwa mia, baba."

"Basi msumari haukwenda bure." Alikuwa ameshapaka kipande cha ukuta wa sebuleni rangi ya maziwa kwa mkono mmoja, akagongelea na msumari, tayari kwa picha ya mahafali. "Kamwambie mama yako. Yuko uani. Amerudi mapema, hataki kusema kisa nini."

Mama alikuwa anafua mapazia. Yalikuwa yamefuliwa Jumamosi. Binti alisimama na karatasi yake, akaona mikono ya mama inavyosugua nguo safi, na furaha yote ikamwisha kabla hajaambiwa lolote.

"Mama, mbona umerudi mapema?"

"Kaa kwanza." Mama akajifuta mikono, akatoa mfukoni ukurasa uliokunjwa mara nne. Katibu alikuwa amempa nakala. "Nisomee hapa."

Binti akasoma. Alipofika kwenye "mikono si yake" sauti ikapungua.

"Nilikwambia hivyo lini?" mama aliuliza. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mama..."

"Nauliza tu siku. Siku uliyokuja na simu yako ukanirekodi saa nzima, au ile ya pili?"

"Hukusema," binti akajibu. "Aliandika Mjomba."

Baba, aliyekuwa amewafuata, akakunja uso. "Mjomba yupi?"

"Mimi sina kaka," mama akasema. "Huyo mjomba umempata wapi?"

Ilibidi aeleze. Mjomba ilikuwa akili mnemba ya kwenye simu. Wanafunzi waliipa jina hilo kwa sababu haimnyimi mtu. Ukiiomba ikufafanulie somo, inafafanua. Ukiiomba ikuandikie sura nzima, inaandika. Chuo hakikuikataza. Kilisema itumie, ila mwishoni mwa kazi ujaze fomu: uliitumia wapi, kwa kazi gani. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Sikutumia", na darasa zima walitia tiki hapo, kwa sababu ndicho kisanduku kisichokuwa na maswali zaidi.

"Nilikuwa na saa nne za sauti," binti alisema. "Mashine zenu zinanguruma, sisikii vizuri. Niliandika saa ya kwanza kwa mkono, siku mbili zikaisha. Ikabaki wiki moja. Nikampa Mjomba muhtasari wangu, nikamwambia aandike sura ya matokeo, aweke na maneno ya wahojiwa. Akaweka."

"Na wewe ulipoyasoma?"

Hapo ndipo palipomchoma binti, na alijua ndipo. "Nilidhani huenda ulisema. Nilisema moyoni, miaka ishirini na mbili namsikiliza mama, ataniambia nini nisichokijua?"

Mama aliinua pazia kutoka kwenye beseni, akalikamua, akalirudisha majini tena. "Huyo mwanamke umemtukana kwa mdomo wangu," akasema.

"Nitakwenda kueleza."

"Utaeleza kwa nani?" Baba akaingilia. "Tusiwe na haraka. Mama yako ameshasema alisema. Kikao kitampa onyo, au watamhamishia jikoni, yatapita. Wewe ukienda kufungua mdomo, chuo kinakufuta. Hapo tumekosa huku na huku. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Wakimfukuza je?"

"Hawamfukuzi mtu wa miaka kumi na tisa."

"Baba, ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wanaacha tu kuuongeza."

Baba akaangalia bega lake. Haikuwa rahisi kwake kusema hayo, tusimwonee; mwanamume aliyezoea kulisha nyumba, sasa analishwa, anaona jahazi zima linaning'inia kwenye karatasi mbili, ya mkataba na ya shahada. Alitaka kuokoa ile ya mwanawe.

"Nilishasema nilisema," mama akafunga mazungumzo. "Wewe maliza shule."

Binti hakubisha. Alichukua ncha ya pili ya pazia, wakalikamua pamoja, mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto.

*

Jumamosi mchana alijifungia chumbani, akavaa spika za masikioni, akasikiliza saa zote nne. Alikuwa hajawahi.

Mwanzoni alisikia mngurumo tu. Kisha sikio likazoea, na nyuma ya mngurumo watu wakaanza kutokea. Dobi mmoja akisimulia jinsi alivyokuta meno ya bandia ndani ya foronya. Mwingine akisema anatambua wodi kwa harufu ya shuka. Kisha mama yake, akieleza bati lilivyoanza, nani alilileta, na kwamba zamani walitumia sinia mpaka likatoboka. Katika ripoti bati halikuwemo kabisa. Mjomba aliandika kwamba madobi "hufuata taratibu za kawaida za ukaguzi". Hayo ndiyo yaliyopata themanini na nne.

Kwenye saa ya tatu, dakika ya hamsini na kitu, mama alipunguza sauti. Binti akarudisha nyuma mara sita mpaka akayapata yote.

"Glovu zilikatika miezi mitatu. Tulivaa mifuko ya mkate, mkono wa kulia tu, maana haikutosha. Siku moja huyu mama, Msimamizi wetu, akaja na katoni ya glovu, akaiweka chini ya meza, hakusema kitu. Risiti ikaanguka. Ya duka la dawa, amelipa mwenyewe. Na mwezi uliofuata tena. Lakini hilo usiandike, mwanangu. Hataki watu wajue." Halafu mama akacheka, na bati likalia nyuma yake.

Binti alivua spika. Alilia, ndiyo, lakini si kwa muda mrefu. Alipomaliza alichukua daftari, akaandika sentensi zile neno kwa neno, na pembeni akaandika saa na dakika. Kisha akarudi mwanzo wa rekodi ya kwanza.

*

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa mhadhiri wake kabla mhadhiri mwenyewe hajafika. Wanafunzi walimwita Dokta. Alikuwa na wanafunzi mia na sitini na tatu mwaka ule, na meza yake ilikuwa na ripoti mpaka chini ya kiti cha wageni.

"Mama wa themanini na nne," Dokta alimpokea kwa furaha. "Hospitali wamejibu barua?"

"Wamejibu, Dokta. Wamemsimamisha kazi mama yangu."

Akaeleza yote bila kuketi. Akaweka mezani ripoti, daftari, na fomu mpya aliyoijaza upya, na safari hii kisanduku kilichotiwa tiki kilikuwa kile cha "Nilitumia", na chini yake mistari saba ya maelezo.

Dokta aliisoma. Furaha ikamtoka usoni polepole. "Unajua adhabu yake? Kutumia si kosa. Kuficha ndilo kosa, na kubuni maneno ya mhojiwa ni kosa kubwa zaidi. Alama inakuwa sifuri. Unarudia utafiti. Mwezi wa mahafali wenzako wanavaa joho, wewe uko hapa."

"Najua."

"Kamati ya nidhamu inakaa mwezi ujao. Mpaka hapo siwezi kuandika chochote."

"Kikao cha mama ni Ijumaa hii. Naomba barua, Dokta. Mistari miwili tu, kwamba maneno yale hayamo kwenye rekodi."

"Taratibu haziko hivyo."

Jambo alilotaka kusema binti halikuwa la heshima, na alilelewa kwa heshima. Lakini alikwishaamua. "Dokta, rekodi zangu ulizisikiliza? Kwenye fomu kuna mstari wa mhadhiri. Unasema umesikiliza sehemu ya rekodi na kulinganisha na maneno yaliyonukuliwa. Pana sahihi yako."

Binti hakumwonyesha karatasi ya pili aliyokuwa nayo mkobani. Ilikuwa ya rafiki yake, aliyeandika juu ya mazalia ya mbu. Maoni ya Dokta kwenye ripoti ya mbu na ripoti ya mashuka yalikuwa sentensi ile ile: "Kazi hii inaonyesha uelewa wa kina na kugusa kwa hisia maisha halisi ya wahojiwa." Mbu wakawa wahojiwa. Dokta naye, kwa ripoti mia na sitini na tatu na siku kumi, alikuwa na mjomba wake.

Huenda aliliona hilo usoni kwa binti, au huenda lilikuwa likimsumbua tangu zamani. Alivuta ile fomu, akaitazama sahihi yake muda mrefu.

"Sikusikiliza," akasema. "Hata dakika moja."

"Ningoje nje?"

"Ngoja nje."

Alingoja kwenye benchi la korido. Wenzake walipita, wakamwambia, unafanya nini hapo, njoo tukanywe chai. Akasema ana kazi. Saa saba Dokta akatoka kwenda kula, akamkuta pale pale. Saa nane akarudi, bado yuko pale. Saa tisa na robo mlango ukafunguka. Barua ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema maneno yale yalibuniwa na akili mnemba. Ya pili ilisema mwanafunzi alijitokeza mwenyewe, na ataadhibiwa. Ya tatu ilisema mhadhiri alitia sahihi bila kusikiliza rekodi, na anakiarifu chuo kwa maandishi siku hiyo hiyo.

"Ya tatu sikuomba," binti alisema.

"Najua. Nenda, isikucheleweshe."

*

Mama hakujua lolote mpaka Ijumaa, alipomkuta binti yake kwenye ngazi za ofisi ya katibu amevaa gauni la kwenda kwenye shughuli.

"Rudi nyumbani," alimwambia.

"Sirudi, mama."

"Nimekwambia rudi. Nimeshajipanga."

"Na mimi nimeshajipanga. Juzi nilikulisha maneno, leo siwezi kukuacha uyameze."

Kikao kilikuwa cha watu wanne: katibu, muuguzi mkuu, mwakilishi wa wafanyakazi, na Msimamizi, aliyeketi mbali kidogo na wengine. Tangu Jumanne ile madobi walikuwa wakila kwa mafungu mawili, wanaomwamini na wasiomwamini, na yeye alikuwa akila ofisini kwake peke yake. Binti aliomba kusema. Katibu akasema kikao ni cha wafanyakazi. Muuguzi mkuu, ambaye alikuwa ameshaisoma barua ya Dokta aliyopelekewa na binti, akasema mwache.

Binti akasema. Akamgeukia Msimamizi. "Mama, nimekukosea. Mama yangu hakukutukana. Nilipewa maneno na mashine, sikwenda kuyatafuta kwenye rekodi, nikaweka umri wake na miaka yake chini yake. Nimeleta alichosema kweli."

Akaiweka simu mezani. Mngurumo wa mashine ukajaa ofisini, kisha sauti ya Sikio: "Glovu zilikatika miezi mitatu. Tulivaa mifuko ya mkate, mkono wa kulia tu, maana haikutosha." Binti akaibonyeza, ikanyamaza.

"Kinachofuata mama aliniomba nisikiandike. Kinamhusu Msimamizi. Siwezi kuendelea mpaka wakubali wote wawili."

Sikio aliangalia chini. Msimamizi aliangalia simu.

"Glovu zilikatika lini hizo?" muuguzi mkuu akauliza.

"Tusitoke nje ya ajenda," katibu alisema haraka. Stoo ilikuwa chini yake. Akanyoosha kalamu zake, ingawa zilikuwa zimenyooka. "Nadhani tumeelewa. Hakuna haja ya kuendelea."

"Endelea," Msimamizi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku hiyo. "Nataka kusikia nilichosemwa."

Sikio akatikisa kichwa kukubali. Binti akabonyeza. Katoni, risiti, duka la dawa, mwezi uliofuata tena. Kicheko cha Sikio kikaja mwisho, na mlio wa bati. Kila aliyekuwepo aligeukia upande mwingine, kwa sababu Msimamizi alikuwa amejifunika uso kwa kiganja na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kikao kilimrudisha Sikio kazini Jumatatu. Muuguzi mkuu alitaka taarifa ya stoo ya miezi kumi na miwili iwe mezani kwake. Na Sikio akapewa barua ya onyo, si kwa kumtukana mtu, bali kwa kuidanganya ofisi kwamba alisema asichosema.

"Hiyo naipokea," alisema, akaikunja. "Hiyo ni yangu."

Mlangoni alimgusa Msimamizi mkono. Msimamizi akauondoa, bila hasira.

"Yeye ni mtoto, alikosea," Msimamizi alisema. "Lakini wewe ulinitazama machoni, mwenzangu, ukasema nilisema. Sijui nitalisahau lini." Akaenda zake.

*

Chuo kilitoa hukumu yake: sifuri, arudie. Mwezi wa mahafali ulifika na kupita, na kwenye ule msumari baba alitundika kalenda. "Inashikilia nafasi tu," alimwambia kila aliyeuliza.

Binti alirudi chumba cha kufulia, safari hii kwa wiki tano. Msimamizi alimpa glovu na aproni, akamwambia huwezi kuandika juu ya bati hujalisikia. Siku tisa za kwanza alikung'uta mashuka tu. Siku ya tano kitu kililia, yeye hakukisikia, mama yake akamshika mkono hewani kabla hajalikunja shuka. Ilikuwa sindano fupi, nyembamba.

Mjomba hakumtupa. Alimtumia kupanga orodha ya marejeo na kusahihisha tahajia, na mara moja kumuuliza maswali gani amesahau kuwauliza watu. Maswali mawili yalikuwa mazuri, akayapeleka kwa madobi wenyewe wakayajibu. Yote hayo aliyaandika kwenye fomu. Maneno ya watu aliyasikiliza mwenyewe, na Dokta, ambaye sasa alidai kusikia dakika tano za kila rekodi ya kila mwanafunzi na, aliponyimwa muda wa kufanya hivyo, aliomba apunguziwe madarasa, aliweka sharti jipya: kila aliyenukuliwa asomewe maneno yake, akiyakubali atie sahihi.

Siku ya sahihi ilikuwa Alhamisi, wakati wa chakula. Madobi walikaa kuzunguka meza ya zege, bati limeegemezwa ukutani. Mmoja alikataa neno "mnyonge" aliloandikiwa, akasema mimi nilisema nimechoka, sikusema mnyonge, binti akasikiliza tena, akalifuta. Walicheka sana kwenye meno ya bandia.

Ikafika zamu ya Sikio. Msimamizi alikuwa mwisho wa meza na sahani yake. Alikuwa amerudi kula nao, ila tangu Ijumaa ile hakukaa tena karibu na Sikio.

Binti akasoma. Glovu zilikatika miezi mitatu, mifuko ya mkate, mkono wa kulia, katoni, risiti. Kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na jina la stoo iliyoshindwa kuleta. Safari hii maneno yalikuwa makali kuliko yale ya uongo, na katibu bado alikuwa katibu, na mkataba bado ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Madobi wakaacha kutafuna.

"Wakiuliza ofisini?" dobi mmoja akasema.

Sikio alijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Ngoja kwanza," Msimamizi akasema kutoka mwisho wa meza. "Na lile la kwanza? Ulilosema ulisema?"

Sikio alimgeukia, akamtazama machoni kama alivyomtazama ofisini. "Lile sikulisema. Nilidanganya mbele yako, nikimwogopea mwanangu."

"Basi aandike na hilo."

Binti alimtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Binti akageuza ukurasa, sura ya jinsi utafiti ulivyofanyika, akaandika hapo hapo mbele yao, akasoma kwa sauti alivyoandika: mashine ilibuni, mtafiti hakusikiliza, mama alidanganya kumkinga, Msimamizi akaumia.

Msimamizi alinyanyuka na sahani yake. Akaja upande wa pili wa meza, akasukuma makalio kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, Sikio akasogea, wakaenea.

"Haya," akasema. "Sasa weka sahihi, chakula kinapoa."

Sikio aliisoma karatasi tena yote, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hili nilisema," akasema, akatia sahihi.